Pima Mtu Kabla ya Kupima Fremu

Wanafunzi wenzangu wa Mbarara wanaopenda baiskeli za mbio wamekubaliana jambo moja ambalo mimi silikubali hata kidogo: kwamba fremu ikishakuwa ya kaboni, na bei yake ikashuka, yaliyobaki ni madogo. Tangu Septemba 2025, Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika, maneno hayo yamezidi. Mtu akileta fremu iliyotumika, huulizwa maswali matatu. Ni kaboni kweli? Ni ya kampuni gani? Ina kilo ngapi? Swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza haliulizwi: inamtosha nani?

Naandika kulipinga zoea hilo. Kaboni yenyewe siipingi. Ni nyepesi, haishiki kutu, na ikitengenezwa vizuri hupunguza mtikisiko. Ninachopinga ni kumhimiza mwanafunzi, hasa sisi tunaotoka Nakivale, atoe akiba ya mwaka mzima kununua kitu ambacho mikono, magoti na kiuno chake vitakikataa baada ya wiki tatu. Tajiri akikosea fremu huiuza na kununua nyingine. Sisi tukikosea, tumekosea kwa miaka mitano.

Tuanze na namba iliyobandikwa kwenye fremu. Wenzangu huiamini kama wanavyoamini namba ya kiatu. "Mimi ni 54," mtu husema, na mjadala unafungwa. Lakini 54 ya kampuni moja si 54 ya kampuni nyingine. Zamani, fremu zote zilipokuwa na bomba la juu lililolala sawa, namba hiyo ilikuwa urefu wa bomba la kiti kwa sentimita. Leo mabomba ya juu yanateremka, na namba imebaki kuwa jina tu.

Vipimo vinavyosema kweli ni viwili, nami nitaviita kimo na mfiko. Vuta mstari wa wima kutoka katikati ya ekseli ya pedeli kwenda juu, hadi ulingane na mdomo wa juu wa lile bomba la mbele ambamo foku hupita. Urefu wa mstari huo ndio kimo cha fremu. Kisha, kutoka ncha ya mstari huo, pima kwa usawa kwenda mbele hadi katikati ya mdomo wa bomba. Huo ndio mfiko. Kimo hukuambia mikono yako itakaa juu kiasi gani. Mfiko hukuambia utajinyoosha kiasi gani ukiwa umesimama juu ya pedeli. Fremu yoyote ya dunia hii, iwe ya kaboni au ya chuma, inaweza kulinganishwa na nyingine kwa namba hizo mbili.

Tulinganishe basi, tukichukua matoleo ya miaka ya karibuni. Specialized Tarmac SL7 ya 54 ina kimo cha takriban milimita 544 na mfiko wa 384. Giant TCR Advanced, ambayo wengi huitaja kama kaboni ya bei nafuu, katika saizi ya M ina takriban 545 na 388. Hizo mbili ni ndugu, ingawa moja inaitwa 54 na nyingine M. Sasa chukua Trek Domane ya 54. Kimo chake ni takriban 575 na mfiko 374. Namba ni ile ile 54, lakini usukani umepanda sentimita tatu na kurudi nyuma sentimita moja. Kwa mgongo wa mtu, sentimita tatu ni tofauti ya kufika Kabingo ukiimba na kufika ukilalamika.

Hapa mpinzani wangu atasema kwamba tofauti hiyo huzibwa kwa pete zinazowekwa chini ya shingo ya usukani. Ni kweli, na hesabu yake ni nzuri. Bomba la foku limeinama takriban digrii 73, kwa hiyo kila milimita 10 za pete huinua usukani karibu milimita 10 na kuurudisha nyuma karibu 3. Ukiweka pete za milimita 32 juu ya Tarmac, unapata kimo cha karibu 575 na mfiko wa karibu 375. Umeipata Domane, angalau kwa mikono yako.

Lakini hesabu hiyo inadai kitu kimoja: bomba la foku liwe bado refu. Baiskeli inayofika kwetu imekwisha kutumiwa na mtu wa nchi nyingine, na bomba lake limekatwa kwa msumeno kulingana na mwili wa mtu huyo. Baiskeli za zamani za chuma zilikuwa na shingo inayozama ndani ya bomba. Ukilegeza boliti moja unaipandisha au kuishusha. Ya kaboni ikishakatwa haiongezeki. Fundi wetu wa Base Camp anaweza kuchomelea fremu ya chuma iliyovunjika asubuhi na ukaipanda jioni, lakini hana dawa ya bomba la kaboni lililokatwa. Kwa hiyo mnunuzi wa fremu iliyotumika anapaswa kuuliza urefu wa bomba la foku kabla ya kuuliza jina la kampuni. Mwenzangu mmoja darasani hakuuliza. Aliuziwa fremu kubwa kuliko mwili wake, yenye bomba lililokatwa hadi mwisho, na muuzaji alimwambia mwili utazoea. Mwili haukuzoea. Kidole kidogo na kidole cha pete vya mikono yote miwili vilishikwa na ganzi, mpaka akawa anaandika mihadhara ya Jumatatu kwa shida. Baiskeli sasa imening'inia ukutani, nyepesi kama ilivyosifiwa.

Kuna sababu ya kibiashara nyuma ya jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Giant ya Taiwan ilileta sokoni TCR ya kwanza, kazi ya mbunifu Mwingereza Mike Burrows. Bomba la juu liliteremka, na badala ya saizi nyingi zikatolewa chache: ndogo, ya kati na kubwa. Kiwanda kilinufaika, kwa sababu saizi chache ni gharama ndogo. Mpango huo haukuwa mbaya, kwani nafasi kati ya saizi na saizi ilizibwa kwa nguzo ndefu za kiti na shingo za usukani za urefu mbalimbali. Dukani Ulaya kuna droo nzima ya shingo hizo. Kwetu fremu imefika, droo haikufika. Unafuu wa kiwanda umetufikia bila ile sehemu iliyoufanya uwe wa haki.

Wengine hunijibu kwa mfano wa wazee. Baba zetu, wanasema, wamepanda baiskeli nyeusi za chuma maisha yao yote, saizi moja kwa kijiji kizima, na hakuna aliyewapima. Mfano huu unawapinga wao wenyewe. Baiskeli ya kubebea ndizi kule Isingiro imejengwa kumsamehe mpandaji: usukani uko juu na umekunjwa kumrudia mtu, mgongo unakaa wima, na uzito karibu wote uko kwenye kiti. Mikono inaongoza tu, haibebi. Baiskeli ya mbio inashusha usukani hadi usawa wa kiti au chini yake, na sehemu ya uzito wa kiwiliwili inahamia viganjani. Kosa la sentimita mbili ambalo baiskeli ya mzee lingelimeza, hii inalirudisha mwilini kila unapozungusha pedeli. Isitoshe, wabunifu wetu hawakupuuza umbo. Chukudu la Goma lina magurudumu madogo, ubao mrefu wa kubebea gunia, na mahali palipowekwa raba ili goti la mwendeshaji lisiumie. Aliyelichonga alianza na goti la mtu na mzigo wake, ndipo akatafuta mti.

Jibu linaloniudhi zaidi ni la methali: mchagua jembe si mkulima. Maana yake kwetu ni kwamba mkimbizi ashukuru kwa alichopata. Ninaishi Nakivale, ambako familia hupewa kipande cha ardhi ilime, na nimewaona wakulima wengi wakipokea jembe wasilolichagua. Sijaona hata mmoja aliyekubali mpini wasiolingana naye. Jembe huja kichwa peke yake. Mpini mtu hujikatia, akiusimamisha kando ya mwili wake kabla ya kuuchonga. Mrefu hukata mrefu na mfupi hukata mfupi, maana kila mmoja anajua mgongo utadai malipo jioni. Methali inasema usichague jembe. Haijasema usikate mpini.

Nasi tunaweza kujipima bila mashine. Simama peku ukutani, bana kitabu katikati ya mapaja hadi juu kabisa, kisha mwenzako apime kutoka sakafuni hadi mgongo wa kitabu. Zidisha kwa 0.883, hesabu iliyopata umaarufu kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu. Jibu ni umbali wa kuanzia, kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi juu ya kiti. Watu wawili wenye urefu sawa wa sentimita 172 wanaweza kuwa na miguu tofauti: mmoja 78, mwingine 83. Wa kwanza atapata 68.9, wa pili 73.3. Wa pili, kwa kuwa kiti chake kiko juu zaidi na kiwiliwili chake ni kifupi, anahitaji fremu yenye kimo kikubwa na mfiko mdogo. Kwenye chati ya muuzaji, hawa wawili ni mtu mmoja.

Liko pia suala la njia. Kutoka Mbarara hadi Nakivale ni kilomita zipatazo 60. Hadi Kabingo ni lami. Ukiacha lami ni udongo, kokoto na vumbi. Umbo la fremu huamua pia upana wa tairi litakaloingia. Domane niliyoitaja hupokea tairi la milimita 38, Tarmac SL7 la 32, na fremu nyingi za zamani za kaboni zenye breki za kubana rimu hukomea 25 au 28. Mtu anajisifu kwa kuokoa kilo moja. Mpandaji wa kilo 65, baiskeli ya kilo 9 na begi la kilo 5 ni kilo 79. Ile kilo moja ni kama asilimia 1.3 ya mzigo, na faida yake huonekana mlimani tu. Tairi jembamba kwenye kokoto litamdai zaidi ya hiyo kabla hajafika ziwani.

Nina madai matatu. Kwa wauzaji: kila fremu iandikwe kimo, mfiko na urefu wa bomba la foku, kwa milimita, kando ya bei. Ni kazi ya dakika kumi kwa futi ya fundi cherehani na kamba yenye jiwe. Kwa wafadhili wanaotuma baiskeli kambini: ulizeni urefu wa miguu ya watu kabla ya kufunga kontena, hasa wa akina dada, ambao huachiwa fremu zilizobaki baada ya wavulana kuchagua. Kwa wanafunzi wenzangu: tuache kumpongeza mtu kwa kununua kaboni kabla hatujamwona amepanda kilomita 60 na kushuka akiwa bado anavihisi vidole vyake. Ikiwa pesa inatosha fremu ya kaboni isiyokutosha au ya alumini inayokutosha, nunua ya alumini. Na wahadhiri wetu wa hisabati wakitafuta mfano wa pembe na mistari ya wima, waje uwanjani Jumamosi na futi. Baiskeli tutaleta sisi.