Afya ya Jamaa: Virusi Havionekani, Lakini Havijaisha



Kuna swali ambalo watu wanaliuliza kwa sauti ya chini, ibada ikiisha: "Pasta, nimekunywa dawa ya SIDA mwaka mzima. Wamepima damu yangu, wakasema virusi havionekani. Si nimepona? Naweza kuacha dawa?"

Jibu ni fupi: furahi, lakini usiache. Sasa tuelezane sababu.

Mchimbaji wa Mongbwalu au wa Nizi anajua jambo hili. Ukiosha mchanga wa mtoni na usione zahabu, huwezi kusema mlima mzima hauna kitu. Umeangalia tu kile kilichoteremka na maji. Kipimo cha wingi wa virusi kiko vile vile. Kinahesabu virusi vinavyotembea ndani ya damu, na mashine ina mpaka wake, mara nyingi 50 au 20 katika mililita moja. Chini ya hapo, jibu linakuja "havionekani".

Hiyo ni habari njema kweli. Dawa inafanya kazi na mwili unapata nguvu. Tena, mwenye kukaa hivyo hamwambukizi mwenzi wake katika tendo la ndoa. Huko Ulaya walifuata mamia ya watu wawili wawili, mmoja akiwa na virusi na anakunywa dawa vizuri. Matokeo yalitoka 2016: hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake huyo.

Basi virusi viko wapi? Mwaka 1997 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba vinajificha ndani ya chembe za damu za ulinzi zilizo katika usingizi. Dawa inazuia virusi kuzaana, lakini haivifikii vile vilivyolala. Mwaka 1999 walihesabu kwamba kuvimaliza kwa dawa peke yake kunaweza kuchukua hata miaka 60.

Tusidhani ni mambo ya Wazungu tu. Jirani zetu wa Rakai, kusini ya Uganda, walipimwa pia, watu 70 ambao damu yao ilikuwa nzuri. Matokeo yalitolewa 2017. Chembe zenye virusi vinavyoweza kuamka zilikuwa chache kuliko kwa watu wa Baltimore, karibu theluthi yao. Ilikuwa kama chembe moja katika milioni tatu. Ni kidogo sana, lakini si sifuri. Ndiyo maana mtu akiacha dawa, mara nyingi virusi vinarudi katika damu kwa majuma machache tu.

Maficho mengine ni bongo. Kati ya damu na bongo kuna kama ukuta, na dawa nyingine hazipiti vizuri. Namna gani wanapima huko? Kwa mtu aliye hai, wanatoa maji kidogo ya mgongo kwa sindano. Sisi tunaijua sindano hiyo sababu ya ugonjwa wa usingizi na ya meninjiti, na wengi wanaiogopa. Lakini kwa mtu mzima inaingia chini, pale uti wenyewe umekwisha kuishia. Mwaka 2019 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya watu 69 waliokunywa dawa kwa miaka mingi. Karibu nusu yao walikuwa na alama ya virusi katika chembe za maji hayo, na hao walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya akili. Mwaka 2023 wengine walipima bongo zenyewe za watu waliokubali, wakiwa hai, kwamba mwili wao uchunguzwe wakifa. Katika chembe za ulinzi za bongo, zinazoitwa mikroglia, walipata virusi vyenye nguvu ya kuzaana tena.

Hapa jamaa isikilize vizuri. Baba anaanza kusahau, mikono yake inakuwa mizito, anakasirika bure au anakaa kimya siku nzima. Majirani wanasema amerogwa. Wengine wanamtafuta bibi kizee wa kumshitaki. Ndugu zangu, tusiue mtu asiye na kosa! Kwanza mpelekeni lopitali. Tangu 1990 na 1991 waganga walichunguza jambo hili Kinshasa na Nairobi, pamoja na miji mingine mitatu ya dunia.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji mashine, kilichojaribiwa Kampala na kutangazwa 2005. Mgonjwa anapewa maneno manne ayakumbuke. Anagonganisha vidole viwili upesi, anageuza mkono kwa namna tatu, kisha anaulizwa yale maneno. Jumla ni alama 12. Akipata 10 au chini, achunguzwe zaidi. Hata asiyesoma shule anaweza kupimwa. Na kama kuna kichwa kuuma sana, homa, shingo ngumu au kifafa, msingoje hata siku moja, sababu magonjwa mengine ya bongo yanatibika yakikutwa mapema.

Sasa neno kwa kanisa. Kumwombea mgonjwa ni kazi yetu. Kumwambia aache dawa, au kumsimamisha atoe ushuhuda kwamba amepona sababu karatasi imesema "havionekani", si kazi yetu. Mungu anayesikia maombi ndiye pia aliyewapa watu akili ya kutengeneza kile kidonge. Na wewe kijana unayeenda shimoni kwa miezi mitatu, beba dawa za miezi yote mitatu, na umwambie mganga mapema kabla ya safari. Zahabu itakungoja, virusi havitakungoja.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:
1. Katika jamaa yetu, nani anamkumbusha mgonjwa dawa yake bila kumwaibisha?
2. Mtu akibadilika akili, sisi tunakimbilia wapi kwanza, na sababu gani?