Maneno Yasiyo na Mwalimu

Mtoto wa Kitanzania huhitimu darasa la saba akilijua neno usanisinuru. Miezi michache baadaye, ujuzi uleule humjia kwa Kiingereza, naye huhesabiwa hajui. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mkongwe, tangu Kiswahili kishike shule za msingi mwaka 1967. Lipo hata hivyo jambo lisilohitaji kusubiri sera.

Istilahi za Baiolojia zina mwalimu wake. Yanayowaangusha watoto mtihanini ni maneno mengine: "distinguish", "justify", "account for". Ni nadra kuyakuta katika faharasa ya kitabu. Mwalimu wa Kiingereza huyadhania ya Baiolojia. Wa Baiolojia humsukumia mwenziwe. Katika Historia "account for" hudai sababu. Asomaye pia utunzaji wa hesabu huenda akalidhani lahusu daftari la mapato. Nani amweleze?

Walimu wa kidato kimoja na wakubaliane maneno matano kwa juma, kila mmoja ayatumie katika somo lake, nayo yafafanuliwe kwa Kiswahili bila haya. Na wale wanaowaadhibu watoto kwa kuzungumza Kiswahili (wangalipo) watuambie ufafanuzi huo utatoka wapi.