Ndege ni za Wananchi, Hesabu Yake Iko Wapi?

Mwananchi wa kawaida huziona ndege za Jeshi la Wanahewa siku ya sherehe, zinapopita juu ya uwanja kwa kishindo, umati ukishangilia na watoto wakiziba masikio. Zikishapita, hazitajwi tena. Bei yake haijulikani, hali yake haijulikani, na zikizeeka hakuna anayeelezwa zimekwenda wapi. Sisi twashikilia kwamba ukimya huo hauna msingi katika sheria, na kwamba umekwisha kutugharimu fedha na hata maisha ya watu.

Jeshi hilo liliundwa tarehe 1 Juni 1964 kwa msaada wa Waingereza, likianza na ndege ndogo za Chipmunk za kufundishia na Beaver za kubebea watu na mizigo. Baadaye zikaja Caribou kutoka Kanada, halafu Strikemaster sita mwaka 1971, Hunter zilizokwisha kutumiwa na Waingereza wenyewe, F-5 za Marekani mwaka 1978, na Hawk kumi na mbili mwaka 1980. Tukiitazama orodha hiyo kwa makini twaona historia nzima ya urafiki wetu na mataifa makubwa, pamoja na hofu tuliyokuwa nayo juu ya Amin upande mmoja na Siad Barre upande wa pili. Hunter, Strikemaster na Hawk zote zimekwisha kustaafishwa, na baadhi ya zile Hunter zikaenda Zimbabwe. Mlipa kodi aliyezinunua hakupewa hesabu yoyote, wala ziliponunuliwa wala zilipoondolewa.

Kisha ukaja mwaka 1982. Mwezi Juni Bunge lilikuwa limepitisha kifungu cha 2A na kuifanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria. Tarehe 1 Agosti askari wa wanahewa, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walijaribu kuipindua serikali. Masimulizi ya siku ile yanaeleza jinsi marubani walivyolazimishwa kwa mtutu wa bunduki kurusha ndege kutoka Nanyuki ili waipige Ikulu ya Nairobi, nao badala yake wakayaangusha mabomu katika msitu wa Mlima Kenya. Uasi uliposhindwa, Ochuka alikimbilia Dar es Salaam kwa ndege ya Buffalo, akarudishwa nchini, na mwaka 1987 akanyongwa.

Lakini adhabu haikuishia kwa viongozi wa uasi. Jeshi zima lilivunjwa, mamia ya askari wakahukumiwa na mahakama za kijeshi, na hata jina likafutwa: hadi mwaka 1994 liliitwa Jeshi la '82. Kifungu cha 2A kiliondolewa Desemba 1991. Kwa maneno mengine, wananchi walirudishiwa vyama vingi kabla wanahewa hawajarudishiwa jina lao. Tangu siku hizo umejengeka mwiko kwamba anayeuliza habari za ndege za kijeshi ana nia mbaya. Sheria ya Siri za Serikali ilitajwa kama fimbo, na wengi wakaona heri kunyamaza.

Sasa tuupime mwiko huo. Kuna majarida ya London ambayo kila mwaka huchapisha hesabu ya ndege za kila jeshi duniani, letu likiwamo: aina kwa aina, zinazofanya kazi na zilizoagizwa. Adui yeyote mwenye fedha ya kununua jarida anaijua orodha yetu. Siri hii basi anafichwa nani, kama si mwenye mali?

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Januari 2017. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ililiarifu Bunge la nchi hiyo kwamba imeidhinisha kuiuzia Kenya hadi ndege kumi na mbili za Air Tractor AT-802L, pamoja na mbili za AT-504 za mafunzo, kwa makadirio ya dola milioni 418. Air Tractor, kwa asili yake, ni ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, ambayo huongezewa silaha na mitambo ya upelelezi. Mbunge mmoja wa North Carolina, Ted Budd, aliupinga mpango huo hadharani, akitetea kampuni ya jimbo lake na kuhoji bei na jinsi mzabuni alivyoteuliwa. Ni kweli alikuwa na maslahi ya kwao. Hata hivyo maswali yake ndiyo ambayo wabunge wetu walistahili kuuliza kwanza. Sheria ya Marekani inailazimu serikali yake kulitangazia Bunge mauzo makubwa ya silaha, na kwa sababu hiyo tu Mkenya akaijua bei ya ndege zake mwenyewe, kwa tangazo lililotoka Washington! Ununuzi huo haukukamilika. Mwaka huohuo, kwa njia ileile, tulipata habari za helikopta za MD 530F, ambazo sita za kwanza ziliwasili Januari 2020.

Si kwamba twapinga jeshi kuwa na ndege, wala hatudai kwamba kila ndege ya mitumba ni wizi. Zile F-5 kumi na tano zilizonunuliwa kutoka Jordan, ambako zilikuwa zimeachwa kutumika, zingeweza kutetewa kwa hoja nzuri: marubani wetu waliijua ndege hiyo, mafundi pia, na zana zilikuwapo. Zaidi ya hayo, tangu Oktoba 2011 F-5 zimetumika Somalia. Lakini kiwanda kiliacha kuunda F-5 mwaka 1987. Anayenunua ndege ya namna hiyo ananunua pia tatizo la vipuri kwa miaka yote iliyosalia. Hoja hizo za pande mbili zilipaswa kuwekwa mezani kabla ya hundi kuandikwa, si kuachiwa magazeti yabahatishe baadaye.

Ukimya huo hauishii kwenye bei. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi aina ya Harbin Y-12 ilianguka Marsabit, ikaua watu kumi na wanne kati ya kumi na saba. Walikuwa wakienda kupatanisha jamii zilizokuwa zikiuana. Ndani yake alikuwamo Dakta Bonaya Godana. Alikuwamo Askofu William Waqo wa Kanisa la Kianglikana. Alikuwamo Mirugi Kariuki, wakili mwenzetu aliyewekwa rumande kwa mashtaka ya uhaini mwaka 1990 kwa ajili ya mageuzi haya haya. Tarehe 18 Aprili 2024 helikopta aina ya Huey ilianguka Elgeyo Marakwet, akafa Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi, ambaye mwenyewe alikuwa rubani wa F-5, pamoja na wanajeshi wengine tisa. Mjane wa askari wa cheo cha chini ana haki ileile na ya familia ya jenerali, haki ya kujua ndege ile ilikuwa na umri gani, ilikaguliwa lini, na nani alitia sahihi kwamba inafaa kuruka.

Sheria ipo. Kifungu cha 238 cha Katiba ya 2010 kinauweka usalama wa taifa chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Kifungu cha 201 kinadai uwazi katika fedha za umma, wala hakikuitenga Wizara ya Ulinzi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Ni kweli kwamba Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu kuzuia yale yanayohatarisha usalama, nasi hatuna ugomvi na hilo: mipango ya vita na njia za doria zibaki siri. Lakini bei ya ndege iliyokwisha kulipiwa, tarehe ya ukaguzi wake wa mwisho, na jina la aliyeuziwa ndege iliyostaafu, hayo hayampi adui shabaha yoyote.

Twapendekeza kila kamati ya haki na amani ya parokia, na kila kikundi cha raia, kiiandikie Wizara barua moja yenye maswali hayo matatu. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Ikikataa inapaswa kueleza sababu, na shauri laweza kupelekwa mbele ya Tume ya Haki ya Utawala. Nakala ya barua apelekewe mbunge wa eneo lenu, na itunzwe vizuri, kwa kuwa tarehe iliyo juu yake ndiyo itakayohesabiwa.