Gran Turismo 7: nani alikosea, waliotoa 87 au waliotoa 2?

Najua nimepotea kidogo humu, si unajua tena msimu wa mazoezi ya kufundisha: ukimaliza andalio la somo moja unakuta jingine linakusubiri mezani. Leo sizungumzii kozi wala foleni ya kantini. Nazungumzia gemu.

Chumbani kwetu tuko wanne, na semista iliyopita bumu lilipotoka tulichanga tukanunua PS4 ya mtumba. Mpira tunao. Sasa imekuja hoja ya kuchanga tena tununue Gran Turismo 7, na hapo ndipo amani ya chumba ilipoondoka. Mmoja anasema wachambuzi waliipa 87 kati ya 100, kwa hiyo mjadala umefungwa. Mwingine anasema wachezaji wenyewe, waliotoa hela zao, waliishusha kule Metacritic mpaka karibu 2 kati ya 10, kwa hiyo mjadala umefungwa upande wa pili. Kila mtu kashika namba yake kama kadi ya mpigakura. Wa tatu, mtu wa hesabu, eti tutafute wastani!

Jamani, hapana. Namba zote mbili ni za kweli, na ukizijumlisha ukagawa kwa mbili unapata upuuzi mtupu. Watu hawa hawakusahihisha karatasi moja.

Kwa wasioijua, Gran Turismo ni gemu ya magari kutoka Japani, inatengenezwa na Polyphony Digital chini ya Kazunori Yamauchi, na ya kwanza ilitoka mwaka 1997. Siyo ile ya kugonga ukuta ukaendelea kama hakuna kilichotokea. Hapa ukichelewa breki unaenda majanini, ukikanyaga mafuta mapema kwenye kona gari inageuka kukuangalia. Wengi wetu tuliijua kwenye PS2 ya jirani, ile namba 4 yenye magari zaidi ya 700. Namba 6 ilitoka Desemba 2013. Mwaka 2017 ikaja Gran Turismo Sport, lakini hiyo ilijengwa zaidi kwa mashindano ya mtandaoni, na watu waliopenda kuanza na gari bovu na kupanda taratibu walijisikia wameachwa stendi. Namba 7 ilipotangazwa Juni 2020 wakaahidiwa kurudishiwa yale ya zamani, ikasogezwa mbele kutoka 2021 kwa sababu ya korona, mpaka ikatoka tarehe 4 Machi 2022. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka minane tangu namba 6. Mtu aliyesubiri hivyo haji na roho nyepesi.

Mimi nimeicheza kwa binamu yangu Sinza, likizo nzima, kwa hiyo siongei ya kuambiwa. Na kama mwanafunzi wa ualimu nawaambia: sijaona gemu inayofundisha vizuri namna hii.

Unaanza na hela kidogo, unapelekwa kwenye duka la magari yaliyotumika, na chaguo lako ni Toyota Aqua, Honda Fit au Mazda Demio. Demio, wadau! Gari ya mama anayewahi kazini Mwenge saa kumi na mbili asubuhi. (Baadaye waliongeza hata HiAce, kipanya chetu kabisa, imebaki konda tu.) Mhadhiri wa mbinu za kufundishia angesimama apige makofi: kutoka linalojulikana kwenda lisilojulikana, kutoka jepesi kwenda gumu. Halafu kuna leseni. Ngazi ni tano, kila moja ina majaribio kumi, na jaribio la kwanza kabisa ni kuondoa gari na kulisimamisha ndani ya mstari. Basi. Baadaye kona moja. Baadaye kona mbili zinazofuatana. Baadaye barabara yenye maji. Ukikosea unarudia palepale, sekunde ishirini tu, hakuna wa kukucheka, na kuna shaba, fedha na dhahabu kwa hiyo hata aliyefaulu ana sababu ya kurudia. Nimerudia jaribio moja mara arobaini na kitu na sikuchoka. Wangapi kati yetu wamewahi kurudia swali la takwimu mara arobaini kwa hiari yao?

Halafu kuna mkahawa, ambako mwenye nyumba anakupa menyu: kusanya magari haya matatu, ukirudi anakusimulia historia yake. Hapa wachezaji waligawanyika mapema. Waliokuwa wageni walifurahi kushikwa mkono. Wazee wa Gran Turismo walinuna, maana menyu zilikuwa 39 na ndizo zilizokufungulia mambo mengi, ni kama kulazimishwa kukaa tena kidato cha kwanza wakati una cheti cha sita mkononi. Nawaelewa. Pia walilalamikia wapinzani wa kompyuta, na hapo siwatetei watengenezaji hata kidogo: mbio nyingi unaanza nyuma kabisa, wa kwanza kashakwenda zake, kazi yako ni kuwafukuza mmoja mmoja. Hiyo siyo mbio, hiyo ni kukimbiza daladala iliyokuacha kituoni.

Lakini hayo ni malalamiko ya kawaida, gemu haishuki mpaka 2 kwa sababu ya hayo. Kilichoishusha ni hela.

Ndani ya gemu magari yana bei, na ya kihistoria bei yake ni ya kutisha. McLaren F1 ilikuwa krediti 18,500,000. Krediti unazipata kwa kushinda mbio, au unazinunua kwa hela ya kweli: milioni 2 kwa kama dola 20. Piga hesabu, gari hiyo moja ni karibu dola 190, wakati gemu yenyewe kwenye PS5 iliuzwa dola 70. Na sikilizeni sehemu hii vizuri: wachambuzi walipokuwa wanaandika tathmini zao kabla ya gemu kutoka, hilo duka la krediti lilikuwa bado halijafunguliwa. Walisahihisha karatasi ambayo ukurasa wa mwisho ulikuwa haujabandikwa. Hawakudanganya. Waliona uendeshaji, mvua inayoacha madimbwi na barabara inayokauka kufuata njia ya matairi, padi ya PS5 inayotetemesha kidole ukikanyaga breki sana (sisi wa PS4 hiyo tuisahau), wakatoa 87. Kwa walichokiona, hata mimi ningetoa.

Siku 13 baadaye, tarehe 17 Machi, likaja sasisho lililopunguza zawadi za baadhi ya mbio, zile hasa ambazo watu walikuwa wanazirudia kutafuta hela. Sasisho lenyewe likawa na hitilafu, seva zikazimwa kwa zaidi ya saa 30, na kwa kuwa karibu gemu nzima inataka intaneti hata ukicheza peke yako, watu wakabaki na vipande vichache tu vya kuchezea. Umenunua diski, iko mkononi mwako, halafu hauna gemu. Yamauchi akaeleza kwamba anataka bei za magari zifanane na thamani na uadimu wake duniani. Mafuta kwenye moto!

Ndiyo maana nasema wale wa 2 hawakuwa watoto wa kulia lia. Fikiria mwalimu anatangaza mwanzoni: koziweki ina alama 40, kazi hizi na hizi. Unafanya usiku kucha. Wiki ya tatu anabadilisha mwongozo wa kusahihishia, kazi uliyoipata 10 sasa ni 5, na pembeni ya mlango wa darasa kuna dirisha linalouza alama. Anaweza kuwa mwalimu bora kuliko wote chuoni, anafundisha mpaka unaota somo lake, lakini darasa lina haki ya kugoma. Tena uzuri wake wa kufundisha ndio unaoleta uchungu, kwa sababu ulishamwamini, ukampa muda wako. Gemu mbaya haimuumizi mtu hivyo, unaiacha tu.

Na kugoma kulisaidia. Tarehe 25 Machi Yamauchi aliomba radhi, kila aliyeathirika akapewa krediti milioni 1, na Aprili mwanzoni likaja sasisho lililopandisha zawadi na kuongeza kiwango cha krediti ambacho mchezaji anaweza kuweka, kutoka milioni 20 mpaka milioni 100. Wangekaa kimya kwa adabu wakatoa 7 kati ya 10, sidhani kama kuna mtu angeamka ofisini.

Sasa turudi chumbani. Mwenzetu wa 87 anasema matatizo yalirekebishwa, kwa hiyo tununue. Yaliyorekebishwa ni ya hela. Intaneti bado inadaiwa, na hapo ndipo mjadala wa Ulaya na Marekani unapotofautiana na wetu. Mchezaji wa kule alipiga kelele seva zilipozima saa 30. Sisi bando likiisha saa nne usiku, hiyo ndiyo seva yetu imezima, na hakuna wa kutuomba radhi kwa krediti milioni. Masasisho yenyewe ni ya gigabaiti. Ndiyo maana hata vibandani ukiuliza GT7 mwenye kibanda anakuangalia tu, anakuwekea mpira, ambao hauombi ruhusa kwa mtu kila unapouwasha.

Kuna anayehofia siku seva zitakapofungwa kabisa. Hilo nalo lina majibu mawili. Seva za namba 5 zilifungwa 2014 na za namba 6 mwaka 2018. Za Gran Turismo Sport zilifungwa tarehe 31 Januari 2024, ila kabla ya hapo walitoa sasisho la kuiwezesha kuchezwa bila intaneti. Waungwana, sikatai. Lakini ile namba 4 ya jirani haikusubiri uungwana wa mtu yeyote. Unaweka diski, unacheza, umeme tu usikatike.

Kura yangu nimeshaitoa, na ni ndiyo, kwa masharti. Tununue diski ya mtumba, siyo ya kupakua. Bando la gemu liwe na mchango wake wa kila wiki, tofauti na hela ya kula, na likiisha tunasubiri wiki nyingine. Na hakuna kununua krediti kwa fedha ya chumba, hata shilingi. Tutaanza na Demio, tutakula leseni zote mpaka dhahabu.

Mwenzetu mmoja anataka McLaren F1 kabla ya UE. Nimemwambia aulize bodi ya mikopo kama wana kipengele hicho. Tangu jana hajanijibu.