Barua pepe ya ‘mkopo wa mwanao’: tazama mwisho wa anwani

Wazazi wenzangu, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, akili ya nyumba nzima huhamia kwenye simu. Mtoto anasubiri chuo, anasubiri mkopo, na kila ujumbe unaoingia anaufungua mbio mbio. Matapeli wanaujua msimu huu.

Barua pepe inakuja na nembo ya Bodi ya Mikopo. Inasema ombi la mwanao lina kasoro, lirekebishwe ndani ya saa 24, la sivyo nafasi inapotea. Chini kuna linki. Ukiibonyeza, unafunguka ukurasa unaotaka namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu na neno la siri la barua pepe.

Nembo si ushahidi, yeyote anaweza kuinakili. Jina la mtumaji nalo huandikwa vyovyote mtu atakavyo. Gusa hilo jina ili anwani kamili itokee, kisha soma kilicho baada ya alama ya @ mpaka mwisho. Ofisi za Serikali ya Tanzania hutumia anwani zinazoishia na .go.tz. Tapeli huweza kuipachika .go.tz katikati, halafu mwisho akaweka .com.

Hata anwani ikionekana sawa, msipitie kwenye linki. Ingieni wenyewe kwenye akaunti ya maombi kama mlivyoingia siku ya kuomba. Kama kasoro ipo kweli, mtaikuta humo. Na anayekuuliza neno la siri la barua pepe yako, huyo usimjibu.

Je, kama mmeshajaza? Badilisheni neno la siri papo hapo, na kwingine kote mlikotumia neno hilo hilo. Kama mlitoa namba ya NIDA, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba hiyo. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la kampuni ya simu husika ukaifungishe.

Mwisho, mwambie mwanao leo: “Ukibonyeza kitu ukashtuka, niambie, hata kama ni usiku wa manane.” Kisha siku akikwambia, usimgombeze. Mtoto anayeogopa kufokewa atanyamaza siku tatu, na siku tatu zinamtosha tapeli kumaliza kazi yake.