Mguu wa Mama Mlimani



Wiki hii tumepokea barua ya mama mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye huu ni mwaka wake wa pili kuishi Machakos pamoja na mumewe na watoto. Anatueleza kuwa sukari imempanda, na daktari amemwagiza atembee kila siku. Alipokuwa kwao alizoea kuteremka pwani ya Mama Ngina pamoja na dada zake wakati wa alasiri. Huko aliko sasa amezungukwa na vilima, wala hajui pa kuanzia. Na lililo zito zaidi ni kuwa mavyaa wake amemwambia kwamba mke wa watu hapandi milima, na mwenye heshima zake hutulia nyumbani. Mama huyu anauliza: je, amtii daktari au amtii mavyaa?

Nasaha yetu ni kuwa hahitaji kumuasi yeyote kati ya wawili hao. Mavyaa anachunga sitara ya mkazamwana wake, na hilo ni jambo jema. Daktari anachunga uhai wake, na hilo pia ni jambo jema. Kinachotakikana ni njia inayokusanya yote mawili, na Machakos njia hiyo ipo.

Kwanza tuondoe dhana kwamba mwendo na mbio si mambo ya mwanamke wa Kiislamu. Imepokewa katika hadithi mashuhuri kuwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie, wakiwa safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha alitangulia. Baadaye, mwili wake ulipokuwa umenenepa, alitanguliwa yeye. Kadhalika, kila anayehiji hufuata nyayo za Bibi Hajar, aliyekwenda mbio baina ya vilima viwili vya Safa na Marwa akimtafutia mwanawe maji. Sa'i yenye mizunguko yake saba ni takriban kilomita tatu, nayo hufanywa baada ya tawafu. Ni mama wangapi wetu huweka akiba ya fedha za Hija kwa miaka ishirini, wakasahau kuweka akiba ya magoti?

Na tusidhani mambo haya yalikwisha zama hizo. Mnamo tarehe 11 Agosti 2024, katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, mbio ndefu za wanawake zilipita njia ngumu mno: kutoka jumba la baraza la mji hadi kwenye kasri la wafalme la Versailles na kurudi, kupitia miti na vilima, huku jumla ya mipando ikizidi mita 400. Njia hiyo ilichaguliwa kwa kumbukumbu ya wanawake wa Paris ambao mnamo Oktoba 1789 walikwenda kwa miguu hadi kasri hilo kudai mkate. Mshindi alikuwa Sifan Hassan, binti wa Kiislamu mzaliwa wa Ethiopia anayeiwakilisha Uholanzi, na wa tatu alikuwa Mkenya mwenzetu, Hellen Obiri. Sifan alipopanda jukwaani kuvishwa dhahabu alikuwa amejifunga hijabu, na hayo yalikuwa katika nchi iliyowakataza wanamichezo wake wenyewe kuivaa katika michezo hiyo.

Sasa turudi Machakos. Mji huu u kwenye kimo cha takriban mita 1,600 juu ya bahari, nao ulikuwa makao ya serikali ya kikoloni barani kabla ya Nairobi. Reli ilipoupita kando, makao hayo yakahamishiwa Nairobi mwaka 1899. Jina lake latokana na Masaku, mkuu wa Wakamba aliyeishi huko. Wala si ardhi ngeni kwetu watu wa pwani, kwani misafara ya pembe za ndovu ilikwenda na kurudi baina ya Ukambani na Mombasa tangu zamani, Wakamba wenyewe wakiwa wafanyabiashara hodari.

Atakayetembea kule ataona vilima vyote vimekatwa matuta mfano wa ngazi. Mkulima huchimba mtaro kukingama mteremko, kisha udongo huurusha upande wa juu ukawa kingo. Mvua inyeshapo, maji husimama na udongo hubaki shambani. Na miaka ikipita, mteremko hugeuka vidaraja vilivyo sawa. Mtindo huo huitwa "fanya juu", na wataalamu wa udongo ulimwenguni kote hulitumia jina hilo la Kiswahili. Ufaransa ina makasri yake vilimani. Fahari ya vilima vya Machakos ni matuta haya, na aghlabu waliyoyachimba ni wanawake.

Kisa chake chafaa kujulikana. Katika miaka ya 1930 ardhi ya Machakos ilikuwa imechakaa kwa mmomonyoko, na wakoloni wakaamua kuwalazimisha watu kuuza ng'ombe wao. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kupinga amri hiyo; serikali ikamhamishia kwetu, Lamu, awe mbali na watu wake. Matuta nayo yalianza kwa shuruti, na yakachukiwa. Lakini baada ya uhuru vikundi vya kusaidiana viitwavyo mwethya, ambavyo wengi wa watu wake walikuwa akina mama, viliyachimba kwa hiari, leo shamba la huyu na kesho la yule. Kitabu cha utafiti kilichotoka mwaka 1994 kilionesha kuwa watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na hali mmomonyoko ulikuwa umepungua. Basi anayesema mlima si mahali pa mwanamke, na autazame mlima wenyewe.

Ama njia za kutembea, twapendekeza zifuatwe kwa daraja.

Ya kwanza ni kandokando ya bwawa la Maruba, karibu na mji. Mteremko wake ni mdogo, na siku za mapumziko aila nyingi hufika huko na watoto. Hapa ndipo pa kuanzia, dakika kumi na tano kwenda na kumi na tano kurudi.

Ya pili ni barabara ya Kyamwilu, yapata kilomita kumi na mbili kutoka mjini. Watu huenda kuona maji yakimwagwa barabarani yakaonekana kupanda badala ya kushuka. Jicho ndilo linalodanganyika kwa jinsi ardhi ya kandokando ilivyoinama. Watoto watafurahi, na mzazi atapata fursa ya kuwafundisha kuwa si kila kionekanacho ndivyo kilivyo.

Ya tatu ni vilima vya Iveti, vyenye msitu wa mikaratusi na misonobari. Hapa pana mpando wa kweli na kivuli kizuri. Vilima vya Mua, maarufu kwa matunda, navyo ni vya daraja hii. Katika njia kama hizi ndimo walimoinukia mabingwa. Cosmas Ndeti, mshindi wa mbio za Boston mara tatu mfululizo kuanzia 1993, na Patrick Makau, aliyevunja rekodi ya dunia jijini Berlin mwaka 2011, wote ni wazaliwa wa Machakos.

Ya mwisho ni Ol Donyo Sabuk, wenye kimo cha mita 2,145. Kiswahili huuita Kilimambogo, na jina hilo ni onyo tosha: mbogo wamo. Ni hifadhi ya taifa, basi mtu asiingie kwa miguu pasi na askari wa wanyama. Kileleni si lazima kufika. Aila yaweza kupanda kwa gari ikatazama na kurudi.

Huko Ufaransa njia za miguu hutiwa alama za rangi juu ya miti na mawe, nyekundu na nyeupe kwa njia ndefu, manjano kwa fupi, mgeni akenda peke yake asipotee. Machakos alama yako ni jirani. Vijia vingi hupita kando ya mashamba ya watu, basi salimia kwa Kikamba, "Wĩ mũseo", uulize njia, wala usikanyage kingo za matuta. Atakayekuona wiki nzima ukipita kwa adabu atakuwa mlinzi wako.

Yaliyobaki ni machache. Mtu aliyetoka usawa wa bahari ataona pumzi zikimbana, basi wiki za mwanzo aende polepole, kiasi cha kuweza kuzungumza bila kuhema. Shirika la Afya Duniani lashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, nazo ni nusu saa tu kwa siku tano. Mwenye sukari achukue maji na tende mfukoni, na atumiaye sindano aulize daktari wake kabla ya kuanza. Vaa raba zenye meno, kwani udongo mwekundu huteleza mno wakati wa masika na vuli. Buibui liwe pana lisilofika chini ya kifundo, na ndani yake suruali. Sitara itabaki kamili na mguu hautanaswa. Toka baada ya jua kuchomoza, urudi kabla ya Magharibi, na usitoke peke yako.

Na hili la mwenzi ndilo jibu la barua. Dada yetu, wiki ijayo usimwombe mavyaa ruhusa ya kwenda. Mwombe aje nawe. Mshike mkono hadi Maruba, mkae kitako mpumzike kila atakapochoka, mtie chai kwenye chupa na mahamri kidogo, yako yakiwa nusu moja tu. Huenda magoti yake yanamuuma na hajapata wa kumwambia. Akizoea, yeye ndiye atakayekugongea mlango asubuhi. Na kina mama wengine wa msikitini wakiwaona wawili, watakuja kuwa watano, na hapo mtakuwa mna mwethya yenu.

Twamuomba Mola awape wagonjwa wetu shifaa, na azipe nguvu nyayo za mama zetu hadi wafike Safa na Marwa wakiwa wima. Amin.