Nyumba Ikikaribia Mnada, Usitume "Pesa ya Faili" kwa Mtu

Simu huingia siku tangazo la mnada linapotoka gazetini. Anayepiga anajua namba ya ploti yako na tarehe ya mnada, kwa hivyo unaamini yuko ndani ya benki. Kumbe amesoma gazeti lile lile, akaulizia namba yako mtaani. Anakwambia faili iko mezani kwa jamaa yake, tuma 15,000 sasa hivi, mnada utasimama.

Kuna watu husema wanaotapeliwa hivi wana tamaa. Sisi hatukubali. Mtu anayekaribia kupoteza nyumba aliyojenga kidogo kidogo hatafuti faida, anatafuta asiaibike mbele ya watoto wake. Wengine hawajamwambia hata mume au mke, na tapeli analijua hilo vizuri. Ndiyo maana neno lake la kwanza ni "usimwambie mtu, utaharibu mambo."

Anakuharakisha kwa sababu hataki ujue una muda. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, benki haiwezi kuamka leo ikauza kesho. Ukichelewa kulipa kwa mwezi mmoja, ndipo inaweza kukupa notisi, na notisi hiyo inakupa angalau miezi 3 ya kulipa. Ikipita, lazima ikupe nyingine ya kuuza, angalau siku 40. Halafu dalali naye, kwa kanuni zao, anakupa siku 45 za kukomboa mali yako. Jumlisha mwenyewe: ni zaidi ya miezi 5. Katika muda huo unaweza kuomba malipo yapangwe upya, au uruhusiwe kutafuta mnunuzi wewe mwenyewe, maana bei ya mnada mara nyingi huwa ya kuumiza. Na kama notisi fulani ilirukwa, wakili anaweza kuomba mahakama izuie mnada.

Aliye hatari kuliko huyo wa 15,000 ni "mwekezaji". Huyu anajitolea kulipa deni, wewe utie sahihi karatasi za kuhamisha nyumba kwa jina lake, "ni fomaliti tu", ukae kama mpangaji halafu uinunue tena baadaye. Hebu fikiria: hati yako iko benki, kwa hivyo hakuna uhamisho halali utakaofanyika benki isijue. Akisema benki isihusishwe, si amejitaja mwenyewe?

Upande wetu, tunaomba jambo moja dogo. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Deni la benki hulipwa kwa paybill ya benki na namba ya akaunti yako ya mkopo, haliendi kwa namba ya mtu, hata awe na kitambulisho shingoni. Akijiita wakili, tafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya kabla hujatuma hata shilingi.

Na kama umeshatuma, usipoteze dakika kumpigia huyo jamaa ukimbembeleza. Pigia huduma kwa wateja kwanza. Pesa ikiwa bado kwenye akaunti yake, kuna la kujaribu. Akishaitoa kwa wakala, tutakuwa tunakuomba namba ya OB kutoka polisi, na hiyo ni safari ndefu.